Mashine Huzimwa Jioni

Jumatatu, 9 Septemba 2002

Daftari hili nililinunua ili niandike ajali za mashine: ipi imekufa, siku gani, kwa sababu gani. Mwezi mzima umepita na hakuna iliyokufa, na daftari zuri halifai kukaa bure, basi nitaandika mambo yangu. Mvua imeanza leo saa nane mchana. Niliposikia ngurumo ya kwanza upande wa ziwa nilichomoa waya zote, na wanafunzi wakanung'unika kama kawaida yao. Waache wanung'unike. Radi ikiingia mara moja tu tutabaki na masanduku matatu ya plastiki.

Kwa kuwa daftari ni jipya niandike pia namna tunavyofanya kazi. Centre yangu ni chumba kimoja hapa Nyawera, mjini Bukavu, ghorofa ya kwanza, kompyuta tatu, jenereta kwenye varanda. Viatu vinaachwa mlangoni, kwa sababu vumbi la mji huu likiingia ndani ya mashine halitoki tena. Mikono inaoshwa. Mtu anaketi wima, anafunua kitambaa, anakikunja mara nne, anawasha, anasubiri. Kazi ikiisha anazima kwa utaratibu na kufunika. Watu hunicheka, wanasema kuingia kwa Maître Gracien ni kama kuingia kanisani. Sawa. Tangu vita hii ya pili ianze, centre mbili za mtaa huu zimefunga milango, na mashine zangu bado zinawaka.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Wanafunzi wanne kati ya tisa.

Jumamosi, 14 Septemba

Binti yetu Joviale amekuja kutoka Lwiro, anakofanya stage, yaani mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha utafiti. Ametuletea hapa centre simu mbili za mkononi, alizoachiwa na mtafiti aliyekuwa anarudi kwao. Moja yangu, moja ya mama yake, Domitille. Nilikaa na kitabu cha maelezo, ukurasa wa kwanza, kama inavyotakiwa. Nilipofika ukurasa wa sita Domitille alikuwa ameshaongea na shoga yake wa Muhungu na ameshajua kubip.

Kubip, kama binti yangu alivyonieleza kwa subira ya kunikera, ni kupiga na kukata kabla mwenzako hajapokea. Hakuna unite, yaani salio, inayoliwa. Yule wa pili anaona jina lako na anaelewa. Nilimuuliza anaelewa nini, ikiwa hakuna lililosemwa.

"Papa, munapatana mbele," akasema. "Mara moja ni kusema niko muzima. Mara mbili ni kusema unipigie. Njo ile tu."

Rezo, yaani mtandao wa simu, tunayoshika inatoka ng'ambo ya Ruzizi. Nyumbani Kadutu, nyuma ya mlima, haifiki. Hapa centre inafika vizuri. Nimeamua basi simu yangu itakaa centre, kwenye droo ya meza yangu, chini ya kitambaa. Joviale alicheka mpaka akakaa chini, ati naifanya kama taipureta. "Papa, haiko machine à écrire. Inakaaka mu mufuko." Nikamwambia nimefundisha kompyuta tangu yeye ananyonya. Mashine huwashwa kwa kazi na huzimwa kazi ikiisha.

Jumanne, 17 Septemba

Katikati ya somo la kuhifadhi faili, simu ya Emmanuella ililia, naye akatoka nje kuongea, miguu mitupu, akaacha kazi yake haijahifadhiwa. Jenereta ikakohoa, kazi yote ikapotea. Ni mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote. Anauza vitambaa soko la Cyangugu, ng'ambo ya mpaka, kila wiki na anataka kujifunza kutengeneza orodha. Nilimgombeza. Akaniambia, kwa heshima lakini akaniambia, kwamba ile simu ilikuwa ya mteja, na mteja hangoji mashine iwake.

Lawama ni za Ignace. Ameweka meza yake chini ya ngazi zangu, mwavuli wa manjano, betri ya gari, waya kama utumbo wa mbuzi. Anachaji simu za watu na kuuza kadi za unite. Kutwa nzima milio ya kila aina inapanda ngazi. Nilimwomba ahame mita kumi. Akasema, "Sawa Maître," na hajahama.

Jumapili, 22 Septemba

Domitille ameondoka asubuhi kwenda Luvungi, kwenye barabara ya Uvira. Mdogo wake Adèle amejifungua kwa kupasuliwa na hana mtu wa kumsaidia. Mumewe yuko Shabunda kwenye dhahabu na hajulikani atarudi lini. Wiki tatu, amesema, mpaka Adèle aweze kuinua ndoo. Nilimsindikiza kwenye magari ya Uvira. Amepata nafasi ya mbele karibu na dereva, nikafurahi kwa sababu ya zile kona za mlima Ngomo.

Tumepatana hivi. Luvungi rezo haifiki ila kwenye kilima kimoja kidogo nyuma ya mashamba ya mpunga. Kila jioni saa kumi na mbili atakwenda pale na kunibip mara moja. Nami saa kumi na mbili nitakuwa mezani kwangu.

"Na ikikuwa saa ingine?" aliniuliza, mguu mmoja ndani ya gari.

"Saa kumi na mbili inatosha," nikamwambia.

Jumanne, 24 Septemba

Bip moja, saa kumi na mbili na dakika nne.

Jumatano, 25 Septemba

Bip moja.

Alhamisi, 26 Septemba

Bip moja. Mvua kubwa, mtaro wa mbele ya centre umefurika. Ignace amefunika betri yake kwa mwavuli na yeye mwenyewe akalowa.

Jumanne, 1 Oktoba

Niandike ninavyofanya, maana nimeanza kuipenda ile saa. Saa kumi na mbili kasoro kumi natoa simu kwenye droo. Nakunja kitambaa. Nanawa mikono. Nawasha, nasubiri rezo ipande. Naiweka katikati ya meza, naketi wima, naikodolea macho. Inalia mara moja, inaandika DOMITILLE, inanyamaza. Nangoja tena dakika kumi kwa adabu. Kisha nazima, nafunika, nafunga droo kwa ufunguo, nashuka Kadutu kupika ugali wangu wa mtu mmoja.

Leo nimejikuta namsalimu kwa sauti. Chumba kitupu, mtu mzima anaiambia mashine "bonsoir Mama Joviale". Nimeona aibu kidogo, na nimekumbuka kwamba nampenda mke wangu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Askari wa nchi jirani wanaondoka, mji mzima unaongea hilo tu. Wengine wanashangilia, wengine wanauliza nani sasa ataingia mahali pao. Nimeongeza kufuli kwenye mlango wa centre. Bip moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimegombana na Ignace. Jana alipanda kuazima bisibisi akaniona nafunga droo.

"Maître, ile telefone unaifungiaka mule?"

"Ndiyo."

"Na inabakiaka ikiwaka?"

"Imezimwa. Ikae ikiwaka kwa nini? Kazi imeisha."

Akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa asiyesikia. Leo asubuhi nikamsikia chini ya ngazi anawasimulia wateja wake habari ya Maître anayelaza simu yake kitandani, na wakacheka. Nikashuka nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Tangu leo hatusalimiani.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nilipanda centre saa kumi na mbili. Hakuna bip. Nilingoja mpaka kumi na mbili na nusu. Huenda ni mvua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sio mvua. Redio inasema mapigano yameingia Uvira na yamesambaa uwandani. Magari ya Uvira hayakuondoka leo. Madereva wamekaa kwenye magurudumu ya akiba wanatazamana. Mmoja alirudi usiku wa kuamkia leo kutoka Kamanyola, anasema watu wa Luvungi wamekimbia wote, wengine milimani, wengine mtoni. Nilimuuliza kama amemwona mwanamke mrefu na mwenzake aliyepasuliwa tumbo, na mtoto mchanga. Akasema, "Papa, batu ni wengi."

Saa kumi na mbili: hakuna.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna.

Jumatano, 16 Oktoba

Hakuna. Nimejaribu kumpigia mimi, zile dakika kumi zote. Sauti ya mwanamke imeniambia kwa lugha tatu kwamba ninayemtafuta hapatikani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda parokiani kwenye phonie, ile redio ya kuitana. Bwana anayeishika ameita Luvungi mara tano, akaita Kamanyola, akaita Nyangezi. Nyangezi pekee ndiyo iliyojibu: wakimbizi wanafika kwa miguu, wamechoka, majina hawayaandiki bado. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine ishirini, kila mmoja anasikia msiba wa mwenzake kwa sauti kubwa. Zamani niliona ni jambo zuri, mashine moja kwa watu wote, mahali pake, na mwenye kuijua. Leo nimechukia kungoja zamu.

Sijamwandikia Joviale. Nitamwandikia nini? Nimefundisha saa mbili, sikumbuki nimefundisha kitu gani. Emmanuella alinikunjia vitambaa vyote.

Saa kumi na mbili: hakuna. Nilizima, nikafunika. Nikakosa tundu la ufunguo mara tatu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika mengi kwa sababu sitaki kufikiri, au kwa sababu leo nimefikiri kwa mara ya kwanza.

Saa kumi jioni radi ilianza kupiga juu ya Muhungu. Nilichomoa kila kitu, wanafunzi wakaondoka wakikimbia, viatu mkononi. Nikabaki peke yangu kungoja saa kumi na mbili. Ignace akapanda, amelowa chapachapa, bila kubisha hodi. Alivua viatu mlangoni. Hatukuwa tumesalimiana siku kumi.

"Maître, nimesikia. Mama iko Luvungi."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba siku ya sita leo habip.

"Unajuaje kama habip?"

Nilimtazama kama mtu anayeuliza mvua inajuaje kulowesha. Kila siku niko hapa, nikasema. Kila siku saa kumi na mbili, mezani, sijakosa hata siku moja.

"Na saa tatu ya asubui? Na midi, saa sita?" Akaonyesha droo. "Maître, mutu anakimbia vita. Atakutafuta saa ile amepata rezo, saa ile amepata mwenye kumuchajia. Iko na montre ku mukono ya kungojea saa yako?"

Nikasema kwamba kama angenipigia, mashine ingeandika. Nikiiwasha ningeona jina lake limebaki pale. Ndivyo zinavyofanya: kila kitu huandikwa.

"Apana, Maître. Ukiizima haihesabu. Yeye anaambiwa haupatikane. Na wewe haukuambiwa kitu."

Sikujua. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta wa Nyawera, nilisoma kitabu cha maelezo kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na hilo sikulijua. Kitabu kinaeleza namna ya kuzima. Hakisemi anayekupenda atasikia nini ukizima. Mashine zangu zote za maisha yangu zimekuwa za kungoja. Unaziendea, unakaa, unauliza, zinajibu. Ukiondoka zinalala na hakuna anayeumia. Hii niliyoiweka kwenye droo haikuwa yangu peke yangu. Ncha yake moja ilikuwa mkononi mwa mke wangu, na kila jioni nilikuwa naikata kwa utaratibu.

Nililia mbele ya Ignace. Alichukua simu, akaiwasha, radi inapiga, akaiweka kwenye mfuko wa shati langu na kufunga kifungo. Nikamwambia radi itaiunguza. Akasema, "Iko na batterie yake, Maître. Haigusane na ukuta."

Leo sishuki Kadutu. Nitalala juu ya benchi hapa hapa, rezo inapofika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Yuko hai.

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi nilikuwa nafundisha, kama inaweza kuitwa kufundisha. Mfuko wa shati ukatetemeka. Bip moja. Nikaitoa: DOMITILLE. Mara moja, yaani niko mzima. Wanafunzi wanasema nilipiga kelele, mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nje barabarani bila viatu, kwenye tope, nikidhani nje ndiko sauti itasikika vizuri zaidi, na Ignace akinifuata na kadi ya unite mkononi, anaikwangua kwa meno huku akikimbia.

Nikapiga. Ikalia, haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikalia mpaka ikachoka. Mara ya tatu ikapokelewa na sikusikia neno, nikasikia tu mtu anapumua.

"Mama Joviale."

Nikaibana simu sikioni.

"Mama Joviale, ni mimi."

"Ni wewe nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mbali.

"Ni mimi Gracien. Baba Joviale."

"Uko muzima?"

Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Watu wa nyumba yote wamekimbia risasi, amevuka mto mkubwa na mtoto mchanga kichwani, halafu ananiuliza mimi, niliyelala kwenye benchi, kama niko mzima. Nikamwambia niko mzima kabisa. Kisha akaongea haraka, kama kawaida yake, na nikajua ni yeye. Wako Bugarama, upande wa Rwanda, tangu Jumanne. Adèle kidonda kimefunguka kidogo lakini sista mmoja amekisafisha. Mtoto ananyonya vizuri. Na kesho alfajiri wao na watu wengine saba wanapanda Ngomo kwa miguu kuja upande huu, kumfuata Joviale Lwiro.

Ngomo. Kila aliyefika Nyangezi wiki hii amesema juu ya Ngomo, na sitaandika walichosema. Nikamwambia asipande. Avuke kwa njia ya Cyangugu, aingie kwa daraja.

"Banasema barrière imefungwa. Banasema Bukavu yote imeungua."

Emmanuella alikuwa ameshuka nyuma yangu, naye miguu mitupu. Akanyoosha mkono, nikampa simu. "Maman," akasema, "mi nimevuka jana na ballot yangu ya vitambaa. Iko wazi. Hakuna nyumba yenye imeungua. Muzee yako iko hapa mu matope bila viatu."

Nikarudishiwa simu. Domitille alikuwa analia au anacheka. Akauliza, "Juu ya nini haukuwa unapatikana? Siku ine nimekupigia. Asubui, midi, saa yote."

Nikamwambia ilikuwa mvua. Rezo, nikasema. Ignace alitazama pembeni.

Jumapili, 20 Oktoba

Bip moja asubuhi, bip moja saa sita, bip moja jioni. Nimetembea na simu mfukoni siku nzima, hata kanisani, hata chooni. Naigusa kila mara. Ukiniona utadhani nina kifua kinachouma.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamepata gari la mchele mpaka Cyangugu. Kesho.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilifika kwenye daraja saa moja asubuhi, nikapewa sababu kumi na mbili za kusimama mbali. Mvua ilinyesha, ikaisha, ikanyesha tena. Saa tisa nikawaona wanashuka upande wa pili: Adèle anatembea ameinama, amejishika tumbo, na Domitille mbele yake, mtoto mgongoni, kitambaa kichwani amekifunga mpaka kwenye nyusi. Amekonda. Askari wa huku alipekua kifurushi chao, akakuta sufuria moja na simu, akawaachia.

Sikumkumbatia, kwa sababu ya watu, na kwa sababu yeye alinizuia kwa mkono. Alinishika bega, akanishika shavu, akaniminya mkono juu na chini kama anayechagua nyanya. Kisha akasema, "Ni yeye," akimwambia Adèle, na Adèle akakaa chini pale pale kwenye tope.

Nimefurahi. Sijui furaha nyingine ya namna hii.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nyumba imejaa. Mtoto analia, Adèle analala, Domitille anapika na kitambaa chake kichwani, hata ndani, hata jikoni kwenye moshi. Joviale amekuja kutoka Lwiro na kulia kwenye mlango kabla hajaingia. Hakuna aliyemwambia habari ya droo, na mimi nimeendelea kusema rezo, mvua, rezo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimebadilisha somo. Leo sikufunua kompyuta hata moja. Niliwaambia kila mmoja aweke simu yake mezani, na asiye nayo akae karibu na aliye nayo, na tukaanza: hii ni saa, hii ni kikokotoo, hii ni kumbukumbu ya majina, hii ni kompyuta. Ignace alipanda kueleza habari ya betri. Anaeleza vizuri kuliko mimi, bila kuandika ubaoni. Tulimaliza kwa swali alilouliza yeye: simu yako ikizimwa, aliye upande wa pili anasikia nini? Kati ya wanafunzi tisa, watatu tu ndio waliojua. Nimejisikia vizuri kidogo, halafu vibaya.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimesema.

Baada ya chakula Adèle na mtoto walilala, Joviale alikuwa ameshapanda gari la kurudi Lwiro. Domitille alikuwa anachambua maharage mezani. Nikaketi mbele yake, nikamwambia haikuwa mvua. Nilikuwa naizima, nikasema. Kila siku, saa yetu ikipita, naizima na kuifunika na kuifungia droo. Ulipokuwa unanipigia ilikuwa imelala gizani kwa sababu mimi niliilaza. Nikamwambia pia kwamba nilidanganya kwenye simu, mbele ya watu, na mmoja wao anajua.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua unaizimaka. Ulinibishia pale ku gari na mguu yangu moja nje. Lakini kule sikukumbuka. Kule, mwenye kukumbuka ni nani?"

Kisha akaniambia. Jumanne walipofika Bugarama alinipigia, na ile sauti ya mwanamke ikasema sipatikani. Jumatano hivyo hivyo. Walikuwepo wanawake wengi pale uwanjani, wa kila kijiji, wengi wao hawajawahi kushika simu, na kila aliyepata kupiga na kusikia ile sauti, mumewe alikuwa kweli amepotea. Wakakubaliana kwamba yule mwanamke wa ndani ya simu ndiye anayejua. Akisema hayupo, hayupo. Halafu akafika mwanamume mmoja aliyesema ametoka Bukavu na ameona kwa macho yake bomu limeanguka Kadutu. Alhamisi akapiga asubuhi, mchana, usiku, maana jioni simu ilikuwa kwa mwenye kuchaji. Sauti ikasema lile lile. Ijumaa wakamkalisha chini.

Hapo aliacha maharage, akafungua kitambaa.

Wamemnyoa. Kichwa chote, mpaka kwenye ngozi, kama mjane anavyonyolewa. Nywele zimeanza kuota nyeusi nyeusi, fupi kama za mtoto mchanga. Miaka ishirini na tatu nimekijua kile kichwa na sikuwahi kuona umbo lake.

"Nilikulilia vizuri," akasema. "Siku muzima. Adèle pia. Hata bale bamama benye hawakujui walikulilia."

"Na Jumamosi?" nikamuuliza. "Kama nilikuwa nimekufa, ulinibip kwa nini? Uliniambia uko mzima."

"Sikukubip." Alijipangusa mkono. "Nilikuwa nimeisha kulia. Nilipiga tu nimusikie ile mwanamuke akisema tena haupatikane, nizoee. Sasa ikalia. Telefone ya mufu ikalia. Niliogopa, nikakata."

Kwa hiyo ile bip moja niliyoikimbia barabarani miguu mitupu, nikimshukuru Mungu kwa sababu mke wangu ameniambia yuko mzima, ilikuwa woga mtupu. Na mara zile mbili nilipopiga na haikupokelewa, alikuwa ameishika mikononi inalia, wanawake wote wamesimama mbali, hakuna anayethubutu kuigusa. Adèle ndiye aliyebonyeza.

Nilianza kucheka, na kucheka kukageuka kulia, na sikujua tena ni kipi. Nikamwomba msamaha. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, kikawa cha moto na kinachoma kidogo viganjani. Akaniacha niuweke pale.

"Papa Joviale," akasema baadaye, "machozi yako yote nimeishaimaliza kule Bugarama. Ukikufa sasa, sina ingine ya kukulilia. Unisikie: ngoja kwanza. Usikufe mpaka nipate ingine."

Nimemwambia sawa, nitangoja. Akanisukumia nusu ya maharage, tukachambua.